Kibla ya Mzee Filbert

Mtu wa kwanza kuchora kibla katika ua wa kanisa letu alikuwa mzee wa kanisa. Aliichora kwa chokaa, kwa rula ya kazini kwake, mstari umenyooka kweli kweli. Nilikuwepo nikimtazama, kwa sababu mbuzi aliyechorewa mstari ule alikuwa mbuzi wa arusi yangu.

Mwaka ulikuwa hamsini na sita. Kanisa letu lilikuwa la bati, pale ambapo Kariakoo inakwisha na Ilala inaanza. Lilikuwa limejitenga na kanisa jingine, ambalo nalo lilikuwa limejitenga na jingine, na kila lilipojitenga lilihama na sheria zote za kule lilikotoka, kisha likaongeza zake. Mchungaji alikuwa mzee mwema aliyehudumia makanisa matatu. Wema wake ulikuwa wa kukubaliana na mtu aliyezungumza naye mwisho, na aliyezungumza naye mwisho siku zote alikuwa Filbert.

Filbert alikuwa karani wa kukagua mizani sokoni. Mtu akishinda akitafuta upungufu katika mizani ya wenzake tangu Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili hawezi kupumzika. Alitundika ubao mweupe karibu na mlango, akaandika sheria zetu kwa rangi nyeusi. Marufuku shanga kiunoni, ingawa hatukuambiwa nani angekagua. Marufuku kusimama penye ngoma. Ukiwa unapita njia, pita upesi. Marufuku kusuka nywele mtindo wa twende kilioni, kwa kuwa Mkristo akienda kilioni huenda na tumaini. Zote pamoja zilikuwa kumi na saba. Musa alishuka mlimani na kumi, lakini Musa hakuwa karani.

Siku zile neno uhuru lilisemwa kila jioni Mnazi Mmoja, na watoto walilipigia kelele barabarani. Ndani ya kanisa letu lilikatazwa. Mchungaji alipohubiri siku moja kwamba Kristo alitufanya huru, tusirudi tena chini ya kongwa la torati, Filbert alimngoja nje akamwomba siku nyingine aseme "wokovu" tu, maana polisi wana masikio. Mchungaji akakubali. Kongwa aliliacha palepale shingoni mwetu.

Sasa nimtaje mtu ambaye bila yeye nisingefika kanisani hata siku moja.

Mama yangu alinifia nikiwa na miaka sita, katika chumba cha pili mkono wa kushoto, nyumba ya Mtaa wa Narung'ombe. Mwenye nyumba alikuwa Bi Mwanamkuu, yeye na mumewe, Mzee Bushiri. Hawakunipeleka kwa ndugu, kwa sababu sikuwa na ndugu anayejulikana. Hawakunipeleka chuoni kwa mwalimu wa Kurani pia. Majirani walipomuuliza Bi Mwanamkuu kwa nini hanisilimishi, alijibu, "Mama yake kaniachia mtoto na dini yake. Siwezi kumlea mmoja nikamtupa mwingine."

Basi kila Jumapili alinifulia gauni, akanipaka mafuta, akavaa buibui lake, akanishika mkono hadi kanisani. Hakuingia. Aliketi kwenye ngazi za nje na mwavuli wake mweusi hadi tutoke, jua au mvua. Mwezi wa Ramadhani aliketi hapohapo na njaa yake, akimsikiliza Filbert akisoma matangazo. Aliniambia anasubiri mtoto, na mtoto hasubiriwi kwa kuchungulia saa. Miaka kumi na mitano alikaa kwenye saruji ile. Katika kanisa zima hakutokea mtu wa kumtolea kiti. Hata mimi sikumtolea, na hilo nalijua.

Mzee Bushiri akafariki. Ikafika siku ya hitima, na mimi nilikuwa binti wa nyumba ile. Nilichambua mchele, nilimenya vitunguu hadi macho yakavimba, na pilau ilipoiva nilikula na wanawake wenzangu uani. Nilikula nikimlilia mzee wangu. Sikuona dhambi katika sinia lile, na hadi leo sijaiona.

Wanaume walikula barazani mbele ya nyumba. Miongoni mwao alikuwa Gaudens, karani wa bandarini, mchumba wangu. Alikuwa na suti moja ya kijivu, mwandiko mzuri na sauti nzito ya kwaya, na mimi nilimpenda bila akili. Nilipotoka na birika la kunawisha mikono nilimkuta kwenye sinia na wazee watatu wa mtaa, mkono wake umezama kwenye pilau hadi kwenye kifundo. Alikuwa akicheka. Mara Filbert akatokea kwenye kona anakokota baiskeli.

Gaudens aliutoa mkono. Akavuta leso mfukoni, akajifuta kidole kimoja kimoja, akainuka, akaenda kusimama karibu na nguzo kama mtu aliyepotea njia anaulizia nyumba. Wale wazee watatu walitazama mahali alipokuwa ameketi. Mmoja wao akasogeza ile nyama aliyokuwa amemkatia, akairudisha katikati ya sinia.

Niliona, nikajitia sikuona. Katika habari hii yote, hilo ndilo kosa langu mimi.

Zikiwa zimebaki wiki tatu tufunge ndoa, niliitwa mbele ya wazee. Ubao wetu ulikuwa na sheria ya kumi na mbili: Mkristo asile nyama iliyochinjwa kwa kuelekezwa kibla, wala asile chungu kimoja na asiyeamini. Walikuwa watatu nyuma ya meza, Filbert katikati. Gaudens aliketi kando yangu.

"Shikamooni wazee," nikasema.

"Marahaba," akajibu Filbert. "Candida, tumeambiwa ulikula hitima."

"Nilikula, mzee. Tena niliongeza."

Gaudens alikuwa anatazama viatu vyake. Nilimpa nafasi. Nilihesabu moyoni pumzi kumi, nikingoja aseme, "Hata mimi nilikula." Aliendelea kutazama viatu, na vilikuwa vimepakwa rangi vizuri.

"Unajua sheria?" Filbert akauliza.

"Naijua. Ila nami nina swali, mzee, kama naruhusiwa. Nyama ya Jumapili nyumbani kwako hununuliwa wapi?"

"Sokoni."

"Kwa nani?"

"Kwa Bakili."

"Na Bakili akichinja huelekea wapi?"

Pale sokoni hapakuwa na bucha la mtu asiye Mwislamu. Kila pande la nyama lililoliwa Kariakoo na Ilala, na Mkristo na asiye Mkristo, lilichinjwa kwa bismillahi, na Filbert amekula tangu alipoota meno. Mzee wa kushoto akameza mate. Mzee wa kulia akaweka mkono tumboni, nadhani alikuwa amekula maini asubuhi ile.

Mtu mwenye akili zake angecheka, akaenda kuutungua ule ubao akaufanya kuni. Filbert alivuta kalamu. Akaandika sheria ya kumi na nane palepale, mbele yangu: tangu sasa Wakristo watachinja wenyewe, kwa namna ya Kikristo. Kwa kuwa arusi yangu ndiyo iliyokuwa karibu, mbuzi wa arusi yangu atakuwa wa kwanza.

Kisha akanisukumia karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa kazini kwake. "Mimi Candida najitenga na chungu cha Mwanamkuu wa Mtaa wa Narung'ombe, sitakula kwake tena maisha yangu yote." Chini kulikuwa na mstari wa sahihi. Niitie sahihi kabla ya kiapo cha ndoa, la sivyo hakuna ndoa.

Tulipotoka, Gaudens alipata sauti yake nzito. "Tia sahihi tu, Candida. Ni karatasi. Arusi ikishapita utakula unapotaka."

"Kwa kujificha?"

"Kwa busara," akasema.

Hilo ndilo jina aliloupa woga wake. Nami, nisije nikajifanya shujaa, niliichukua ile karatasi nikaikunja vizuri, nikaitia kifuani. Nilimtaka Gaudens. Nilitaka kutoka kanisani nimeshikwa mkono na mtu, baada ya miaka yote ya kutoka peke yangu.

Siku ya Ijumaa, kesho yake ikiwa arusi, mbuzi alifungwa asubuhi katika ua wa kanisa. Filbert alikuwa amekesha akifikiri. Ikiwa dhambi ni kuelekea kibla, basi mbuzi wa Kikristo lazima aelekee pengine. Tatizo ni kwamba hakujua kibla iko wapi. Akamtuma mtu kumwita Bakili.

Bakili alikuja na kikoi chake chenye damu ya machinjioni, mtu mnene mpole. Akasalimu watu wote.

"Nielekeze kibla," Filbert akamwambia.

Uso wa Bakili ukachanua. "Alhamdulillahi. Umeamua, mzee?"

"Sijaamua kitu. Nataka kuijua ili niikwepe."

Bakili alimtazama kwa muda, akihakikisha kama anafanyiwa mzaha. Alipoona hakuna mzaha, alinyoosha mkono kaskazini. "Ile pale. Na sasa wewe utaitunza kuliko baadhi yetu." Akaenda kuegemea ukuta, maana kitu kama kile hakiondokewi.

Ndipo Filbert alipopiga magoti na rula na kopo la chokaa akachora mstari wake. Kaskazini akatia alama ya mkato, kusini akatia msalaba. Waislamu humlaza mnyama ubavu wa kushoto, basi sisi tukaamriwa tumlaze wa kulia. Ikaandikwa sheria ya kumi na tisa. Wakabishana maneno ya kusema, yasifanane na ya Bakili hata kwa urefu. Ikaandikwa ya ishirini. Wakabishana kama anayechinja afumbe macho, kwa kuwa ni sala. Mzee wa kushoto akasema katika sala zote watu hufumba macho. Ikaandikwa ya ishirini na moja. Saa nzima mbuzi alikuwa anatafuna kamba yake, naye ndiye pekee katika ua ule aliyekuwa na raha.

Filbert alishika kisu mwenyewe. Hakuwa amechinja hata kuku. Akafumba macho kwa mujibu wa sheria ya ishirini na moja, akaanza maneno yake marefu. Mbuzi akapiga mateke, wazee wawili wakaanguka, vumbi likatimka na chokaa ikachafuka. Filbert alikuwa bado amefumba macho, kwa sababu sala haijakwisha, na kisu kikapita. Alipofumbua, mbuzi alikuwa amekata roho. Alikuwa amelalia ubavu wa kushoto, shingo yake juu ya mstari, anatazama kaskazini kama aliyepimwa.

Filbert alisimama na damu kwenye suruali.

"Haramu," akasema. "Mbuzi huyu ni haramu."

Nilimtazama Bakili nikidhani atacheka, hakucheka. Alijitenga na ukuta akasema kwa adabu, "Mzee, neno hilo la kwetu. Lakini si kitu, tutumie wote." Kisha akaaga, akarudi sokoni kwa wateja wake, ambao nusu yao walikuwa sisi.

Yule mbuzi alizikwa. Nasema alizikwa, mzima, na ngozi yake, nyuma ya choo cha kanisa, na shimo likafukiwa kwa sala fupi. Kulikuwa na wajane katika benchi zetu ambao hawajaonja nyama tangu Krismasi. Nilisimama pale nikaona watu wazima wanazika chakula wakiwa wamevua kofia, na kwa mara ya kwanza maishani nilimdharau mtu bila kumwonea huruma.

Hata hivyo nilikuwa nimeamua kutia sahihi. Nisiseme uongo. Dharau na mapenzi huweza kulala kitanda kimoja, na asubuhi ya Jumamosi niliamka nikavaa gauni jeupe nililolishona kwa cherehani yangu mwenyewe, nikachukua kalamu, nikaenda uani kumuaga Bi Mwanamkuu kwanza.

Alikuwa amechuchumaa kati ya vyungu viwili. Kimoja ni kile cha siku zote, kilichopikwa hadi kikawa cheusi ndani na nje. Cha pili kilikuwa kipya, chekundu, bado kina vumbi la sokoni.

"Hiki kipya ni chako na wenzako," akaniambia bila kuinua macho. "Hakijapikiwa hitima wala futari. Nimepika wali wa nazi na mboga, nyama sikutia. Hiki cha zamani kina pilau, tutakula sisi. Nimetenganisha na miiko. Sheria yenu hamtaivunja."

"Nani kakwambia sheria yetu?"

"Nilimwomba yule anayefagia kanisani anisomee ubao. Alinisomea zote." Akapuliza moto. "Ni nyingi, mwanangu. Poleni."

Kalamu niliificha nyuma ya gauni.

"Na ile karatasi tia sahihi," akaendelea. "Najua habari yake, Kariakoo hakuna siri. Mimi sina neno. Nilikulea uolewe, sikukulea unishindie kesi."

Nilitazama kile chungu kipya. Katika mji mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyeishika sheria ya kumi na mbili kwa moyo wake wote, naye alikuwa mwanamke asiyekaribishwa kupita mlangoni. Filbert aliitunga ili kumfukuza. Yeye aliifuata ili nisiaibike. Hasira zilinipanda hadi masikio yakavuma, na nyingi zilikuwa juu yangu mimi mwenye kalamu.

Nikavuta kibao nikaketi, gauni jeupe na yote. Nikafunua chungu cha zamani, nikatia mkono.

"Candida, utachafua nguo."

Nilikula. Nilikula pilau ya Bi Mwanamkuu yenye nyama ya Bakili hadi mafuta yakanifika kwenye kifundo. Aliacha kunigombeza, akanisogezea mfupa wenye uboho, kama alivyonifanyia tangu nikiwa na miaka sita. Tulipomaliza nikainuka. Akachukua mwavuli wake tukaenda, na kwenye ngazi za kanisa akaketi mahali pake.

Kanisa lilikuwa limejaa. Mchungaji alisimama mbele, Gaudens kando yake na suti ya kijivu. Filbert alinikuta katikati ya benchi, mkono umenyooshwa.

"Karatasi."

Nikaitoa kifuani, nikaikunjua. Penye mstari wa sahihi nikakandamiza dole gumba langu. Mafuta yakaenea, karatasi ikawa kama kioo, vidole vya Filbert vikaonekana kwa upande wa pili.

"Hii si sahihi," akasema.

"Ndiyo niliyonayo."

Nikamnyang'anya ile karatasi, nikaenda nayo mbele hadi kwa Gaudens. Sikupaza sauti, lakini kanisa la bati halifichi kitu. "Gaudens, nafasi ya dole lako ipo. Siku ya hitima ya Mzee Bushiri ulikula kwenye sinia hadi kifundoni. Sema hilo tu mbele ya hawa. Ukilisema nakuwa mkeo, hapa au popote."

Mchungaji alimtazama Filbert. Benchi zote zilimtazama Gaudens. Yeye aliitazama karatasi, akamtazama Filbert, kisha akatia mkono mfukoni. Akatoa leso, ileile. Akajifuta mikono, kidole kimoja kimoja.

Mikono yake ilikuwa safi. Hakuwa amegusa kitu.

Iliniuma, na sitaficha kwamba iliniuma muda mrefu. Nilimwachia ile karatasi juu ya meza, nikageuka nikatoka katikati ya watu walioinua miguu yao nisiwakanyage.

Bi Mwanamkuu aliinuka aliponiona. "Mbona upesi hivyo? Wameshamaliza?"

"Wameshamaliza, mama."

Aliutazama mlango nyuma yangu, hakutoka mtu. Akaushika mkono wangu akaugeuza, akaona mafuta. "Hukunawa," akasema.

"Sikunawa."

Akafungua mwavuli juu yetu wote wawili, tukaenda nyumbani. Kile chungu kipya tulikipakua na majirani, kisha kikachanganywa na vingine jikoni, na baada ya mwezi hakuna aliyejua kilikuwa kipi.

Jumapili iliyofuata nilirudi kanisani. Walidhani nimekuja kutubu. Nilikuja na kiti kichwani, cha mbao, chenye mgongo. Nikakiweka juu ya ngazi, nikamketisha Bi Mwanamkuu, nikaingia nikakaa benchi la mbele kabisa, kwa sababu ile ilikuwa meza ya Bwana, haikuwa ya Filbert.

Wiki hiyohiyo ubao ukaongezwa sheria ya ishirini na mbili: marufuku kuleta viti. Jumapili ya pili nilileta viwili.